Mizunguko Mitatu ya Nyongeza

Kwa Senje Emmaculate,
Ruiru.
Alhamisi, 12 Machi 2026.

Baba mpendwa,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba mgongo umepumzika tangu ile mota ya kisima uliyoinua peke yako huku ukitukataza tusikusaidie. Mama hajambo? Kile kikohozi cha asubuhi kimemwacha? Mimi niko salama. Nakula vizuri, nalala vizuri, na Senje, huyu dada yako, ananitunza kama yai. Anawasalimu sana. Ndiye atakayekuletea barua hii kesho akija Thika, na nimemwomba akupe wewe mkononi, si Mama, kwa sababu Mama ataisoma kwa sauti mbele ya wateja.

Najua utashangaa kuandikiwa barua kutoka Ruiru, mahali ambapo mtu anaweza kutoka akiwa na chai kikombeni na kufika kwako kabla haijapoa. Kwa simu ningeshindwa. Unanijua. Ungesema "enhe?" mara moja tu, nami ningenyamaza, halafu ningesema salio linaisha. Jumamosi hii mgeni atakuja kibandani kwako. Ni Injinia Akello, mkubwa wangu wa kazi. Kabla hajafika kuna jambo nililosema juu yako ambalo nataka ulisikie kutoka kwangu. Naomba uisome barua yote kwanza, ndipo ukasirike.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu nadhani sijawahi kukueleza vizuri. Mama amewaambia watu wa kanisani kwamba nafanya mambo ya kompyuta, na nilipokuja Jumapili ile watu watatu waliniuliza kama naweza kuwatolea fotokopi. Nilicheka tu na kuangalia viatu.

Karakana yetu iko upande wa kuelekea Membley, katika jengo lililokuwa stoo ya chakula cha kuku. Mvua ikinyesha harufu ya kuku hurudi. Tuko wanne. Injinia Akello ndiye mkubwa. Njau ndiye anayeandika programu na kusoma michoro kwenye skrini. Mimi na Mutinda, kijana aliyetoka Matuu na kumaliza chuo cha ufundi mwaka jana, ni wanagenzi, na tumepewa miezi mitatu ya kujaribiwa. Tunatengeneza kifaa cha kufundishia kompyuta za kwanta. Cha kwanza kitaenda chuo cha ufundi huko Thika mwezi ujao, na kikikubaliwa vitafuata vingine.

Kompyuta ya kawaida, Injinia alinieleza, huhesabu kwa swichi ambazo ama zimewashwa ama zimezimwa. Ya kwanta huhesabu kwa vitu vidogo mno ambavyo, kabla hujavipima, haviko upande mmoja wala mwingine. Vina sehemu katika pande zote mbili. Mara ya kwanza sikuelewa. Mara ya pili niliitikia kwa kichwa ili asirudie tena mbele ya Njau. Nimeanza kuelewa majuzi, kwa kuangalia mchoro ukipanda na kushuka.

Kwetu sisi kitu hicho kidogo kimo ndani ya almasi iliyotengenezwa kiwandani, ndogo kuliko punje ya mchele. Tunaimulika kwa leza ya kijani, nayo inarudisha mwanga mwekundu. Tukiipigia mawimbi ya redio yanayoifaa, ule mwanga mwekundu hupungua na kuongezeka, na hapo ndipo tunajua iko katika hali gani. Lakini almasi huishika hali yake kwa muda mfupi sana, halafu husahau. Joto huisahaulisha. Waya uliolegea huisahaulisha. Sumaku isiyolingana pande zote huisahaulisha zaidi. Kwa hiyo kazi yetu ya kila siku, Baba, ni kukaza skrubu, kulehemu, kupima, kuandika daftarini, na kupima tena. Ukituona hungedhani ni jambo la ajabu.

Injinia anasema kwa miaka mingi hii ilikuwa kazi ya maprofesa, nao walitaka kujua tu kama jambo linawezekana. Limewezekana. Sasa linatakiwa lifanye kazi Jumatatu na pia Jumanne, kwa mikono ya mtu ambaye si profesa, na huko ng'ambo wanatafuta mafundi wa friji, wa mabomba na wa kulehemu kuliko wanavyotafuta watu wa hesabu. Siku aliyosema hivyo nilikufikiria.

Kifaa kinahitaji koili mbili za waya wa shaba, moja kila upande wa almasi, na umeme uleule unapita katika zote mbili. Zikilingana, sumaku inatulia pale katikati. Mwanzoni Injinia alikuwa ameazima koili za chuo kikuu, lakini zilitakiwa zirudishwe. Hapo ndipo Senje, ambaye huwapikia chakula cha mchana, alipowaambia akipakua githeri kwamba binti ya kaka yake alikulia kwenye waya, na kwamba kabla sijajua kusoma nilikuwa nashika ncha wakati wewe unazungusha. Ndivyo nilivyoitwa.

Siku ya kwanza Injinia aliniuliza nilikojifunza. Nikamwambia ni Thika, kibandani kwa baba yangu, na kwamba tunafunga upya waya za mota za pampu na za posho mill. Njau akauliza kama huko kwetu tunahesabu mizunguko au tunakadiria kwa macho mpaka mteja achoke kungoja. Akasema basi na hii almasi tuipake vanishi kabisa, tuianike juani, tuiuze Makongeni kama pampu. Wote walicheka, na mimi nilicheka. Njau si mtu mbaya, Baba. Yeye humtania kila mtu. Humwita Mutinda Mheshimiwa kwa sababu anatembea polepole. Lakini maneno yale nilikwenda nayo nyumbani, na nililala nayo.

Tarehe tatu mwezi wa pili mimi na Mutinda tulipewa kila mmoja koili yake. Karatasi ilisema mizunguko mia moja na ishirini. Nilifunga kama ulivyonifundisha, kila kumi naweka kijiti cha kiberiti kando. Nilimaliza kabla ya saa sita. Mutinda alimaliza jioni, vidole vimekatwa na waya, na mizunguko yake ilipandana kidogo upande mmoja. Injinia aliziangalia zote mbili akasema ya kwangu ni kama ya kiwandani. Njau akasema kumbe pampu zina shule yake. Nilifurahi mno.

Koili zilipofungwa kwenye kifaa mambo yaliharibika. Kwa zile za kuazima mchoro wa ule mwanga kwenye skrini ulikuwa unapanda na kushuka mara sita kabla ya kufifia. Kwa zetu ulipanda na kushuka mara mbili, halafu ukalala. Almasi ilikuwa inasahau mapema. Njau alikagua programu yake siku mbili. Injinia akabadilisha leza, akafunika meza yote kwa karatasi ya aluminiamu, akatutaka tuweke simu nje. Hakuna kilichobadilika. Mwisho ikabaki koili, na kati ya koili mbili hakuna aliyejiuliza ni ipi. Moja ilifungwa na mtoto wa fundi, nyingine ilifungwa na mtu aliyeshika waya huo kwa mara ya kwanza.

Mutinda aliifungua koili yake na kuifunga upya. Mchoro ukawa uleule. Akaifungua tena. Mara ya tatu alihesabu kwa sauti karakana nzima ikisikia, na Njau akawa anamwitikia kama kanisani, lakini Mutinda hakucheka. Mchoro haukusogea. Ijumaa ya wiki iliyopita Injinia alimwambia kwa upole kwamba labda mikono yake inafaa zaidi kufungasha, akae upande wa masanduku mpaka mwezi uishe, halafu wataona. Tulijua maana ya "wataona". Mchana ule hakula githeri. Alisimama nje ya lango akampigia mjomba wake mwenye hardware Juja kumwuliza kama ile nafasi ya kupakia saruji bado ipo. Nilimsikia kwa sababu nilikuwa nasuuza sahani.

Baba, nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu mara ya pili alipoifungua. Kijiti changu cha kumi na mbili kilipolala mezani siku ile, mkono wangu haukusimama. Ulikwenda mitatu zaidi, kama wako unavyokwenda, kama yule mama wa viazi wa Githurai anavyotupia viwili juu ya ndoo iliyokwisha kujaa. Koili yangu ilikuwa na mia moja ishirini na mitatu. Niliona mkono ukifanya hivyo na sikuuzuia. Kwenye daftari niliandika mia moja na ishirini.

Kwa mota haingekuwa kitu, wewe mwenyewe huwa unasema waya wa siku hizi ni mwembamba na mota itakushukuru. Kwa almasi ni kitu. Upande mmoja ulikuwa unavuta kuliko mwingine, na katikati hapakutulia. Hata Mutinda angehesabu mara mia, ya kwake ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Jumatatu nilifika mapema. Nilikuwa nimepanga kumwambia Injinia peke yake, lakini alipokuja alikuja na Njau, na Mutinda alikuwa tayari kwenye masanduku. Nikasema hivyohivyo. Sauti yangu ilikuwa ndogo, Injinia akaniambia nirudie. Nilirudia. Kisha nikachukua koili yangu, nikachomoa ncha na kurudisha mizunguko mitatu nyuma mbele yao, nikaukata waya na kuulehemu upya. Njau akawasha. Mchoro ulipanda na kushuka mara sita, na ya saba ikaonekana kidogo. Hakuna aliyeshangilia. Mutinda alisimama akiwa ameshika gundi ya karatasi, akatazama skrini, akarudi kwenye masanduku yake.

Injinia hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Aliniuliza kwa utulivu kwa nini niliongeza, na kwa nini sikuandika. Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe, Baba.

Nilimwambia kwamba ndivyo baba yangu alivyonifundisha. Nikasema mafundi wa vibandani huongeza mizunguko na hawaandiki, kwamba kule kwetu kuandika hakuna. Nilisema mbele ya Njau, na Njau akatikisa kichwa akasema ndiyo hayo, mambo ya jua kali. Injinia aliyaandika kwenye ripoti ya kifaa, ile itakayokwenda chuoni pamoja nacho: chanzo cha hitilafu ni desturi ya karakana za mitaani ya kuongeza mizunguko bila kumbukumbu. Nilisimama pale nikamwona akiiandika mpaka nukta ya mwisho.

Wewe unajua kwamba ni uongo, na mimi najua. Tangu nikiwa darasa la pili ni mimi niliyekuwa nakukatia vile vikaratasi kutoka kwenye madaftari yangu ya zamani. Kila mota inayotoka kwako ina kikaratasi chake kimefungwa kwa uzi ndani ya kifuniko, na pacha wake ametundikwa kwenye msumari ukutani. Themanini na 3. Tisini na sita na 3. Niliwahi kukuuliza kwa nini unasumbuka ilhali mteja hafungui kifuniko. Ulinijibu kwamba mteja hafungui, lakini fundi mwingine atafungua siku moja, labda wewe umekufa, na huyo hapaswi kudanganywa. Ulinifundisha vyote viwili siku moja, kuongeza na kuandika. Nilichukua kimoja nikakiacha kingine.

Na sikusahau, Baba. Ningependa kusema nilisahau. Siku ile ya Februari nilikuwa nimeshakata kikaratasi, nimeshaandika "120 na 3". Kisha nikamwona Njau anakuja upande wangu, nikakitafuna. Nilikitafuna kabisa nikakimeza, ili asiseme tena habari ya pampu za Makongeni. Nilikuonea aibu. Hilo ndilo nililotaka ulisikie kutoka kwangu.

Jumatano asubuhi Injinia aliniambia kwamba watahitaji koili nyingi, na kwamba mkono uliofunga ile yangu umetoka mahali fulani, kwa hiyo Jumamosi angependa kuja kukuona ukifanya kazi. Akasema suala la kuandika atakuelewesha yeye mwenyewe polepole, hana neno. Atakuelewesha wewe! Nilikaa mchana kutwa nikiona akiingia kibandani, akiangalia ule ukuta wa misumari. Kwanza niliogopa kwa ajili yangu, nikafikiria kumpigia Mama aufunike kwa leso. Nakuambia hata hilo.

Leo asubuhi nilichukua kile kikaratasi ninachotumia kama alama katika Biblia yangu, kile cha ile mota ya pampu ya shule uliyoifunga upya, chenye mwandiko wako na tarehe, nikampelekea Injinia. Nilimwambia kwamba nilichosema Jumatatu si kweli. Nilimweleza vile vikaratasi, na kile nilichomeza. Safari hii sauti yangu ilitosha, maana Mutinda alisikia kutoka kwenye masanduku. Injinia alikishika kikaratasi, akakigeuza, upande wa nyuma bado kuna hesabu zangu za darasa la nne zenye kosa jekundu. Njau akakisoma juu ya bega lake. Hakutania. Alisema tu kwamba yeye mwenyewe ana programu za mwaka jana ambazo hajui tena alibadilisha nini ndani.

Injinia alifungua ripoti, akaifuta ile sentensi, akanisogezea kompyuta, akasema niandike mimi na niweke jina langu. Niliandika hivi: "Koili ya kwanza ilikuwa na mizunguko mitatu zaidi. Aliyeifunga alijua na hakuandika. Alifundishwa na fundi Barasa wa Thika kuandika kila nyongeza." Chini nikaweka jina langu. Injinia aliisoma mara mbili na hakubadilisha neno. Kisha, kwenye fomu ambayo kila koili itakuwa nayo kuanzia sasa, alichora safu mpya kando ya idadi ya mizunguko. Njau akauliza iitweje. Mutinda, ambaye hakuwa amenisemesha tangu Jumatatu, ndiye aliyejibu kutoka kule kwenye masanduku kwamba iitwe nyongeza, ina jina tayari.

Mutinda amerudishwa mezani. Nilimwomba msamaha, akasema amesikia. Sidhani amenisamehe bado, na sina haki ya kumharakisha. Lakini jioni hii, kabla hatujafunga, alileta waya na kukaa mbele yangu akaniambia nizungushe na yeye atahesabu, na nikithubutu kwenda hata mmoja zaidi atampigia simu babangu. Miezi yangu mitatu itaisha tarehe ishirini. Injinia hajasema kama nitabaki. Sitamwuliza.

Jumamosi atakuja karibu saa nne. Anakunywa chai isiyo na sukari, Mama asijisikie vibaya. Mpokee kama unavyowapokea wateja wako wote, na usivae lile koti la arusi. Naomba kitu kimoja tu. Najua Mama, akisikia mgeni anakuja, ataanza kufagia na kuondoa takataka ukutani. Mwambie asiguse vikaratasi. Hata vile vilivyoliwa na mende aviache kwenye misumari yake.

Ukitaka kunijibu, nijibu kwa Senje. Ukitaka kukaa kimya kwa siku kadhaa, nitaelewa pia. Wasalimie Mama na majirani wote wa hapo kibandani, na umwambie Mama namkumbuka kila ninapoonja chai ya huku. Mungu akulinde wewe na mikono yako.

Ndani ya bahasha utakuta waya wa shaba nilioukata Jumatatu, nimeuzungusha kwenye kijiti cha kiberiti. Nimefunga na kikaratasi. Hesabu mwenyewe.

Ni mimi binti yako mtiifu, au ninayejaribu,

Nelima Barasa